Kanda Zimeharibiwa, Mabishano Yamebaki

Katika michezo, kama ilivyo katika utumishi wa umma, kosa moja huweza kuzaa la pili. La kwanza ni lile lililotendwa, na la pili ni jinsi wakubwa walivyolishughulikia. Watu husamehe la kwanza upesi endapo wameona haki ikitendeka mbele ya macho yao. Lakini likiingia la pili, hata lile la kwanza hukataa kufa. Leo tunapenda kulieleza jambo hili kwa mfano wa Marekani, ambako kamera moja iliyokamatwa pembezoni mwa uwanja mwaka 2007 imewagawa washabiki hadi hivi leo.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba mpira tunaouzungumzia si kandanda hii tunayoicheza sisi. Ni ule mpira wa Kimarekani wa ligi ya NFL. Kila upande huingiza wachezaji 11, mpira wenyewe una ncha mbili, hubebwa na kurushwa kwa mikono, na mchezo husimama kila baada ya pambano la sekunde chache. Katika kusimama huko ndipo makocha huamua mbinu ya pambano linalofuata na kuwapelekea wachezaji amri. Mwaka 2007 mchezaji anayeongoza mashambulizi alikuwa na chombo cha redio ndani ya kofia yake ngumu, akimsikia kocha wake sikioni. Upande wa ulinzi haukuwa na chombo hicho. Makocha wake walisimama pembezoni na kuwapungia wachezaji ishara za mikono, na aliyezijua maana zake aliweza kujua ulinzi utakavyojipanga.

Kuzitazama ishara hizo kwa macho hakukuwa kosa, kwani zilifanywa hadharani mbele ya maelfu ya watu. Kilichokatazwa ni kuzirekodi kwa kamera kutoka pembezoni mwa uwanja, ili baadaye watu wakae chumbani wakalinganishe ishara na mchezo uliofuata. Wala haiwezi kusemwa kwamba katazo hilo lilikuwa limesahauliwa kabatini, madhali Septemba 2006 ofisi ya ligi ilizipelekea klabu zote waraka wa kulikumbusha.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Septemba 2007, timu ya New England Patriots ilicheza na New York Jets huko East Rutherford, jimbo la New Jersey. Mtumishi wa Patriots alikutwa pembezoni na kamera aliyoielekeza kwa makocha wa Jets. Kamera na ukanda vikachukuliwa. Patriots walishinda mchezo ule 38 kwa 14. Kocha wa Jets, Eric Mangini, aliwahi kuwa msaidizi wa Bill Belichick, kocha mkuu wa Patriots, na bila shaka aliyafahamu mengi ya nyumba aliyotoka. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Kamishna wa ligi, Roger Goodell, hakuchelewa. Siku ya nne alitoa hukumu. Belichick alitozwa faini ya dola 500,000, kiasi ambacho hakuna kocha wa ligi hiyo aliyewahi kutozwa kabla yake. Klabu ilitozwa dola 250,000, tena ikanyang'anywa nafasi yake ya raundi ya kwanza ya mwaka 2008 katika zoezi la kila mwaka ambamo klabu huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni. Katika ligi ile nafasi kama hiyo ni mali kubwa kuliko fedha.

Hadi hapo sisi hatuna la kulaumu. Kamishna angeweza kumwadhibu mshika kamera peke yake na kumwacha aliyemtuma. Hakufanya hivyo. Alipanda juu hadi kwa mwenye amri, naye Belichick akaomba radhi huku akisema kwamba aliifasiri kanuni vibaya. Kila msomaji anaweza kuupima utetezi huo mbele ya ule waraka wa Septemba 2006. Hata hivyo, hukumu ilimfikia mkubwa, na hilo ni jambo la kupongezwa popote litokeapo.

Kilichoharibu shauri kilikuja baadaye. Ligi iliitaka klabu ikabidhi kanda na maandishi yote ya namna ile. Klabu ikakabidhi. Kisha, kabla ya mwezi ule wa Septemba kumalizika, ilitangazwa kwamba maofisa wa ligi wamekwisha kuziharibu kanda hizo pamoja na maandishi. Sababu iliyotolewa ni kwamba hakuna klabu iliyopaswa kuzitumia tena kwa kujipatia manufaa.

Sababu hiyo kwa nje inapendeza, lakini haitoshi. Ushahidi wa kosa huweza kufungiwa sandukuni, ukatiwa kufuli na ufunguo ukakabidhiwa mtu mwaminifu, bila ya mtu yeyote kuutumia uwanjani. Kuuharibu ni jambo jingine kabisa. Aliyeuharibu anawaambia watu: niaminini mimi. Na kuaminiwa hakupatikani kwa amri.

Tuangalie sasa yaliyowapata washabiki. Mwamba ngoma huvutia kwake, na washabiki wa Patriots walivutia kwao. Walisema kwamba kila klabu huiba ishara; kwamba ukanda uliochukuliwa mchana ule haukuweza kuwasaidia katika mchezo uleule; na kwamba baada ya kamera kuondolewa timu yao ilishinda michezo yote 16 ya msimu wa kawaida, ndipo ikaja kufungwa 17 kwa 14 na New York Giants katika fainali ya tarehe 3 Februari 2008. Wapinzani wao nao wakajibu kwamba mwizi hawi mwema kwa sababu jirani yake naye anaiba, na kwamba vikombe vitatu ambavyo Patriots walivitwaa katika miaka ya nyuma, kwa misimu ya 2001, 2003 na 2004, vyote vina doa.

Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki ya kuuliza, wala hakuna upande uliokuwa na uwezo wa kujibu. Je, kanda zile zilisaidia kushinda mchezo wowote? Zilianza mwaka gani? Nani walizitazama? Majibu ya maswali hayo, au walau sehemu yake, yalikuwamo ndani ya vitu vilivyoharibiwa. Ndiyo maana mabishano yaliyopasa kuisha kwa ushahidi yamebaki kuwa mabishano ya rangi za fulana. Akipenda chongo huita kengeza. Na asiyependa huona chongo hata kwenye jicho zima.

Tena lipo jambo ambalo watetezi wa uharibifu ule hawakulifikiri. Ushahidi haumlindi mshitaki peke yake, bali humlinda na mshitakiwa. Tarehe 2 Februari 2008, siku moja kabla ya fainali, gazeti la Boston Herald lilichapisha habari kwamba Patriots walirekodi zoezi la St. Louis Rams kabla ya fainali ya Februari 2002, fainali ambayo Patriots waliishinda 20 kwa 17. Habari hiyo ilienea nchi nzima. Mwezi Mei mtumishi wa zamani wa klabu alikabidhi kanda nane alizokuwa nazo, na hakuna hata mmoja uliokuwa na zoezi la Rams. Tarehe 14 Mei gazeti lile likawaomba radhi wasomaji wake na klabu, likikiri kwamba habari yake haikuwa ya kweli.

Lakini neno likishatoka halirudi. Wapo washabiki ambao hata leo hulitaja zoezi la Rams kana kwamba lilithibitishwa. Na kwa nini wasilitaje? Wameambiwa kwamba kulikuwa na kanda, na wameambiwa kwamba kanda zimeharibiwa. Mtu aliyenyimwa kuona hujaza pengo kwa kudhani. Hivyo Patriots, ambao walikuwa na hatia ya jambo moja, walibebeshwa na hatia ya jambo jingine ambalo halikuthibitika, na mlango wa kujisafisha ulikuwa umekwisha kufungwa na wale wale waliodhani wanawasitiri.

Seneta Arlen Specter wa Pennsylvania aliliona tatizo hilo mapema mwaka 2008. Alimwita Kamishna, akamhoji kwa nini ushahidi uliharibiwa, na baadaye akataka uchunguzi wa watu huru wasio wa ligi. Uchunguzi huo haukufanywa. Wapo waliomcheka kwa kusema kwamba seneta ana kazi kubwa zaidi kuliko mpira, na wengine wakasema kwamba yeye mwenyewe ni mshabiki wa Philadelphia Eagles, timu iliyofungwa na Patriots katika fainali ya Februari 2005. Hata hivyo, swali zuri haliharibiki kwa sababu ya fulana aliyoivaa mwenye kuuliza.

Ushahidi kwamba jeraha lile halikupona ulionekana tarehe 8 Desemba 2019. Siku hiyo wapiga picha wa klabu ya Patriots walikuwa Cleveland, katika mchezo wa Browns na Cincinnati Bengals, na wiki iliyofuata Bengals walikuwa wacheze na Patriots. Wakakutwa wakielekeza kamera pembezoni, upande wa Bengals. Klabu ilieleza kwamba walikuwa wakitengeneza filamu juu ya kazi ya mpelelezi wa timu, kwamba idara ya kocha haikuhusika, na kwamba kanuni ilivunjwa bila ya kukusudia. Juni 2020 ligi ikaitoza klabu faini ya dola milioni 1.1 na kuinyang'anya nafasi ya raundi ya tatu ya mwaka 2021. Yamkini maelezo ya klabu yalikuwa ya kweli tupu. Lakini washabiki wa timu nyingine waliyapokea kwa kicheko, kwa kuwa shauri la 2007 lilikuwa bado wazi mioyoni mwao.

Msomaji asije akadhani kwamba ugonjwa huu ni wa Wamarekani na mpira wao wa ncha mbili tu. Julai 2024, katika michezo ya Olimpiki ya Ufaransa, watumishi wa timu ya kandanda ya wanawake ya Kanada walirusha chombo kidogo kisicho na rubani juu ya mazoezi ya New Zealand. FIFA iliikata Kanada pointi sita, ikatoza faini, na ikawafungia kocha mkuu Bev Priestman na wasaidizi wake wawili kwa mwaka mmoja. Wachezaji, ambao hakuna aliyewashitaki, walishinda michezo yao yote mitatu ya kundi ili kuifuta adhabu ambayo hawakuisababisha wao, wakaingia robo fainali, wakatolewa na Ujerumani kwa mikwaju ya penalti.

Baada ya hapo chama cha mpira cha Kanada kiliagiza uchunguzi wa mtu huru, na mwezi Novemba mwaka uleule matokeo yake yakatangazwa kwa umma. Matokeo hayo hayakuwa mazuri kwa chama, kwani yalionyesha kwamba tabia ile haikuanza siku ile ya Julai. Lakini yalitangazwa. Mshabiki wa Kanada anaweza kukasirika, anaweza kuaibika, lakini anajua anakasirikia nini. Mshabiki wa Kimarekani, miaka mingi baada ya 2007, bado anabishana na kivuli.

Huko visiwani kwetu barza hazikosi mabishano ya mpira, na siku hizi kila kijana ana kamera mfukoni mwake. Hatusemi kwamba mambo ya Marekani ni yetu. Tunachosema ni kwamba kila mwenye kukabidhiwa mamlaka ya kuamua, awe katibu wa klabu, mjumbe wa kamati ya rufaa au ofisa wa idara, siku moja atawekewa mezani ukanda, daftari au barua yenye ushahidi wa kosa la mtu mkubwa. Siku hiyo atashawishika kutoa adhabu kali na kisha kuuondoa ule ushahidi, kwa nia njema kabisa, ili mambo yatulie.

Tunamwomba ofisa huyo akumbuke mambo matatu. Adhabu impande mwenye amri, isiishie kwa mtumwa wa kazi. Ushahidi uhifadhiwe hata baada ya hukumu, kwa sababu hukumu ni ya siku moja na maswali ni ya miaka. Na sababu za uamuzi zielezwe kwa lugha ambayo mwananchi wa kawaida ataielewa, hata kama maelezo hayo yatamletea aibu aliyeyatoa.

Roger Goodell alitoza robo tatu ya milioni ya dola mwaka 2007, akadhani amelimaliza shauri. Lau angeliacha ukanda mmoja sandukuni, pengine leo tusingekuwa na la kuandika.