Bweni liungue kwenye kompyuta kwanza

Kila bweni linapoteketea nchini, tunasikia maneno yale yale. Viongozi wanatuma rambirambi, uchunguzi unatangazwa, kisha mtu anasimama matangani na kusema ajali haina kinga. Msemo huo umetumika vya kutosha. Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67. Moi Girls Nairobi, Septemba 2017: wasichana 10. Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024: wavulana 21. Jambo likijirudia kwa miaka 23, hilo si ajali tena. Ni somo ambalo tumekataa kulisoma.

Sheria zipo. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unasema mlango wa bweni uwe na upana wa angalau futi tano, ufunguke kuelekea nje, na usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani. Unakataza vyuma madirishani. Shida ni kwamba mkaguzi huja mchana, bweni likiwa tupu, akatazama, akatia tiki, akaenda zake. Swali lenyewe halijaulizwa: saa sita usiku, stima zimepotea na moshi umetanda, watoto 150 watatoka humu kwa dakika ngapi?

Swali hilo lina jibu, na halihitaji mtu yeyote aungue ili lipatikane. Uigaji wa kompyuta unaweza kulitoa.

Anayecheza gemu kwenye simu ataelewa haraka. Unachora bweni lako kwenye programu kwa vipimo halisi: kuta, vitanda, ujia, milango. Unaweka watu ndani, kila mmoja na mwendo wake. Mwingine anaamka haraka, mwingine bado amelala fofofo, mwingine anarudi kutafuta viatu. Halafu unawasha moto na kutazama. Unarudia mara mia, moto ukianzia kona tofauti kila mara. Mwishowe unajua watu wanakwama wapi, na ni kitanda kipi kinachoziba njia.

Hesabu ndogo tu inatosha kukutia baridi. Kwa makadirio ambayo wahandisi wa moto hutumia, kila mita moja ya upana wa mlango hupitisha takriban mtu 1.3 kwa sekunde. Mlango wa futi tano, yaani mita moja na nusu, unapitisha kama watu wawili. Kwa hivyo watoto 150 wenye mlango mmoja wanahitaji zaidi ya dakika moja kupita mlangoni pekee, tena kama hakuna anayesukumana. Bado hujahesabu muda wa kuamka, kuelewa kuna nini, na kupapasa njia gizani.

Na kusukumana kutakuwepo. Mwaka 2000, watafiti Dirk Helbing, Illés Farkas na Tamás Vicsek walichapisha kazi yao katika jarida la Nature, wakionyesha kwa kompyuta kwamba umati ukikazana kutoka kwa kasi, hutoka polepole zaidi. Watu wanabanana mlangoni na hakuna anayepita. Sisi tuliliona hilo kwa macho Aprili 2015, katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Transfoma ililipuka alfajiri, siku chache tu baada ya shambulio la Garissa. Wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wakaanza kuruka madirishani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Hakukuwa na gaidi hata mmoja.

Kuna watakaosema mazoezi ya kawaida yanatosha. Mazoezi ni lazima, lakini yana mipaka yake. Novemba mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la shambulio la kuigiza. Milio ya risasi ikawafanya watu waamini ni kweli, na wengine wakaruka kutoka ghorofani. Mtu mmoja alikufa na makumi wakaumia. Hali za kutisha zaidi zijaribiwe kwenye kompyuta, ambako kuanguka hakuvunji mguu wa mtu. Zoezi la watu halisi lije baadaye, likitangazwa mapema, la kufundisha njia ambayo tayari imepimwa.

Lakini tusidanganyane: kompyuta hujibu ulichoiuliza tu. Ukichora mlango ulio wazi wakati kwa kweli una kufuli na funguo anazo matron, watu wako wa kwenye skrini watatoka salama salimini na wewe utalala ukijua uongo. Tazama Makka. Baada ya mahujaji zaidi ya 300 kufa katika daraja la Jamarat mwaka 2006, daraja jipya la ghorofa kadhaa lilijengwa, na mtiririko wa umati ukapangwa kwa msaada wa kompyuta. Daraja lilisaidia kweli. Ila Septemba 2015 maafa makubwa zaidi yalitokea Mina, kwenye barabara inayoelekea hapo. Ukipima mlango, pima na njia ya kuufikia.

Hapo ndipo vijana wanapoingia. Programu za kazi hii si siri wala si za matajiri peke yao. FDS, inayoiga moto na moshi, hutolewa bure na taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani. JuPedSim, inayoiga mwendo wa watu, ni programu huria kutoka Ujerumani. Mwanafunzi wa uhandisi au kompyuta mwenye laptopu ya wastani na futi ya kupimia anaweza kuanza na hosteli anayolala. Apime upana wa ngazi, ahesabu vitanda, aandike geti lipi hufungwa saa ngapi. Vyuo vikuu viipokee kazi hiyo kama mradi wa mwaka wa mwisho, badala ya kurundika miradi inayoishia kabatini.

Nazo serikali za kaunti zisitoe kibali cha bweni, hosteli ya kukodisha au klabu kabla mwenye jengo hajaonyesha matokeo ya uigaji, na kabla afisa hajafika usiku, jengo likiwa limejaa, kuhakikisha kilichochorwa ndicho kilichopo. Mwaka 2027 tutakuwa wenyeji wa AFCON pamoja na Uganda na Tanzania. Viwanja vitapimwa namna hii, maana wageni wanakuja. Mtoto wa bweni naye anastahili kupimiwa mlango wake.

Wakati kompyuta zikijifunza, kuna kazi ya leo jioni isiyohitaji programu yoyote. Ukifika hosteli, jaribu ule mlango wa dharura. Kama una kufuli, mwite landilodi na umwambie aitoe.