Yoga isiwe kisingizio cha kukosa dawa ya pumu

Kila Juni 21, Siku ya Kimataifa ya Yoga iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014, mikeka hutandikwa viwanjani Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Pamoja na mikeka huja ahadi kwa wagonjwa wa pumu: jifunzeni kupumua, mtapona. Ahadi hiyo ina hatari.

Si kwamba yoga haifai. Mgonjwa wa pumu akibanwa, tabu yake kubwa ni kuitoa hewa. Mirija imebana, naye kwa hofu huhema harakaharaka kwa kifua cha juu na kuzidi kuchoka. Pranayama, sehemu ya yoga inayohusu pumzi, humfundisha kupumua polepole kwa tumbo na kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta. Mwaka 2016 mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 15 yenye washiriki 1,048, yakaona kuwa huenda yoga ikapunguza dalili na kuboresha maisha ya mgonjwa, ila kwa kiasi kidogo. Hicho "kidogo" ndicho husahaulika viwanjani.

Pumu ni uvimbe ndani ya mirija ya hewa. Unaoutuliza ni dawa ya kuvuta yenye steroidi, kama budesonide, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Anayejisikia nafuu baada ya yoga hana tofauti kubwa na anayetegemea inhela ya salbutamol peke yake: kifua kimefunguka, lakini chini ya majivu moto bado unafukuta. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA hauungi mkono tena kutibu pumu kwa salbutamol pekee. Hata hivyo, mgonjwa wa kijijini mara nyingi hukimbizwa zahanati akiwa amezidiwa, akatulizwa, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu.

Na nyumbani kwenyewe kuna kuni na mkaa. Kumwambia mama avute pumzi ndefu mbele ya mafiga, katika jiko lisilo na dirisha, ni kumwongezea moshi. (Walimu wa yoga nao wawe waangalifu: mitindo ya kupumua kwa kasi, kama kapalabhati, si ya mtu aliyebanwa kifua.)

Hapa ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kazi. Nchi nane zikinunua inhela za steroidi kwa pamoja, zitajadili bei kwa nguvu kuliko kila moja ikimwendea mtengenezaji kivyake. Mfanyabiashara anayevuka Mutukula au Rusumo akute upande wa pili dawa ileile aliyoandikiwa kwao, kwa bei anayoimudu. Mawaziri wa afya waanze na hilo. Akishapata dawa yake, mwalimu wa yoga amkaribishe mkekani.