Wazee hawafanani, tusiwahudumie kwa kipimo kimoja



Katika nyumba zetu nyingi yupo mzee anayejinyima maji. Ukimpa chai jioni atasema ameshiba, nasi tunasema, "Ndio uzee." Kumbe mwenyewe ana sababu. Choo kipo uani, usiku ni giza, magoti yanauma na mkojo haumsubiri. Kumwambia mkwewe anaona haya, basi ananyamaza na kiu yake.

Madhara yake si madogo. Mzee aliyepungukiwa maji hupata choo kigumu, kizunguzungu na maambukizi ya njia ya mkojo. Huweza kuanguka akavunjika nyonga. Wengine huchanganyikiwa ghafla, na badala ya kupelekwa hospitali wakaambiwa wamerogwa.

Hapa kwetu Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Hospitali nyingi za serikali zimetenga dirisha la wazee. Hilo ni jema, lakini kwa maoni yangu dirisha peke yake halitoshi, kwani wazee si watu wa namna moja. Asiyeona hasaidiwi na tangazo la ukutani, anahitaji kushikwa mkono. Asiyesikia ataitwa jina mpaka foleni iishe. Huyo afuatwe alipokaa, atazamwe usoni, asemeshwe polepole. Anayesahau atunziwe dawa zake. Bibi mwenye haya aogeshwe na mwanamke mwenzake. Aliyelala kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda.

Na huyu anayejinyima maji? Dawa yake haina gharama kubwa: ndoo yenye mfuniko kando ya kitanda, taa, na kitu cha kushikia njiani na chooni. Maji anywe zaidi mchana, apunguze karibu na kulala. Mwenye maradhi ya moyo au figo amuulize daktari kiasi cha kunywa. Mkojo usiozuilika ni maradhi, wala si jambo la kufichwa.

Wapo walioacha hata kwenda msikitini kwa kuhofia udhu. Masheikh wetu wawaeleze kuwa mwenye udhuru huo ana ruhusa: wakati wa swala ukiingia hujisafisha, hujikinga, hutia udhu na kuswali.

Ndugu msomaji, tumekatazwa hata kuwagunia wazazi wetu. Lakini kutowaguna bila kuwauliza shida zao ni nusu ya wema. Leo usiku muulize mzee wako, faragha: "Usiku unakwendaje chooni?" Ikiwa wewe anakuonea haya, mtume mjukuu wake anayetaniana naye. Huyo ataambiwa.