Matairi ya theluji yanakula faida ya Noah za Kidodi

KILA masika yanapokaribia, mwenye Noah au Hiace anayefanya safari kati ya Mikumi, Kidodi na Kidatu huanza kutafuta matairi. Barabara kuu ina lami, lakini mzigo hauanzii kwenye lami. Magunia ya mpunga na abiria hutoka vijijini na kwenye njia za mashamba ya miwa, ambako udongo ukilowa huganda kwenye gurudumu hadi gari likakataa kwenda mbele wala nyuma. Ndipo tairi la mtumba lenye mikato mirefu, laini ukilibonyeza kwa kidole, na bei ya chini kuliko la dukani, linapoonekana kama bahati. Mnunuzi aliangalie mara ya pili. Huenda ameshika tairi la theluji.

Tairi hilo hufikaje mkoani Morogoro? Jibu liko kwenye biashara ya magari ya mtumba kutoka Japani. Katika kisiwa cha Hokkaido na kaskazini mwa Honshu theluji huanguka kwa miezi kadhaa, na wenye magari hubadilisha matairi kila majira ya baridi yanapoingia. Zamani walitumia matairi yenye misumari, lakini misumari hiyo ilichimba lami na kujaza vumbi mijini, na mwaka 1990 Japani ikatunga sheria ya kuidhibiti. Viwanda vikaelekeza nguvu kwenye mpira laini usio na misumari; Bridgestone ilikwisha kuingiza sokoni Blizzak mwaka 1988. Gari likiuzwa nje wakati wa baridi linaweza kupakiwa melini na matairi hayo hayo. Likifika Dar es Salaam, matairi ama hubaki kwenye gari au hufunguliwa na kuingia kwenye marundo ya mtumba, yakiwa bado yanang'aa.

Kung'aa huko ndiko kunakoponza. Mpira wa tairi la theluji umechanganywa ili ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7, ambapo mpira wa kawaida hukakamaa. Theluji ya kudumu ya Tanzania iko kilele cha Kilimanjaro, na hakuna Noah inayopeleka abiria huko. Bonde la Kilombero ni la joto karibu mwaka mzima. Juu ya lami ya moto mpira ule hulainika kupita kiasi, mikato hucheza, breki huchelewa kushika na tairi huisha upesi. Hata kwenye tope sifa yake ni ya muda mfupi. Siku za kwanza linashika, kweli, lakini ile mistari myembamba iliyochanjwa kama kwa wembe ilikusudiwa barafu. Mfinyanzi ukishaijaza, tairi huteleza kama kipara. Tope la kweli linataka tairi la kashata lenye nafasi pana kati ya vipande, linaloweza kujitupia udongo lenyewe.

Kulitambua hakuhitaji fundi. Matairi mengi ya Kijapani ya aina hii yameandikwa ubavuni neno STUDLESS, na mengine yana mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Alama ya M+S ndiyo inayowachanganya wengi. M hiyo husimama kwa matope, na wauzaji huitumia kama hoja ya mwisho ya kufunga bei. Lakini ni alama anayoibandika mtengenezaji mwenyewe kutokana na umbo la mikato. Haithibitishi kwamba tairi lilipimwa kwenye matope ya aina yoyote, achilia mbali ya Kidodi. Kuna na tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wakubwa hushauri tairi lisivuke miaka 10 hata kama halijatembea, na jua la stoo ya mabati halisaidii.

Sasa hesabu, ambayo ni ya mfano tu wala si bei ya soko. Ichukuliwe kwamba tairi la theluji la mtumba ni Sh 60,000 na linatembea kilometa 10,000, na jipya la bei nafuu kutoka China ni Sh 160,000 na linatembea kilometa 40,000. Gari linalokwenda kilometa 150 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, litamaliza kilometa 45,000 kwa mwaka. Mwenye mtumba atanunua seti nne na nusu, yaani Sh 1,080,000. Mwenye mapya atatumia Sh 720,000. Tofauti ni Sh 360,000, na hapo hazijahesabiwa pancha, wala siku ambazo gari limelala huku dereva na kondakta wanadai posho. Kila mfanyabiashara aingize bei zake mwenyewe kwenye hesabu hiyo; kinachotafutwa ni gharama ya kilometa, si ya tairi.

Kuna jambo zito kuliko fedha. Noah nyingi huvaa saizi ya 195/65R15 yenye namba ya uzito 91, ambayo ni kilo 615 kwa tairi, au kilo 2,460 kwa yote manne. Gari lenyewe ni karibu tani moja na nusu. Zinabaki kilo 960 hivi. Wakipanda watu 10 wa kilo 65 na magunia manne ya kilo 100, mzigo umeshavuka, na hiyo ni pale ambapo matairi ni mazima na yana upepo wa kutosha. Dereva aliyepunguza upepo ili atoke kwenye tope kisha akaingia lami ya kuelekea Mikumi bila kuurudisha amebeba abiria juu ya mpira unaochemka. Hiace yenye matairi ya herufi C, mfano 195R14C, ina nafuu kwa kuwa yametengenezwa kwa ajili ya mizigo.

Kwa nini basi tairi baya huuzika? Kwa sababu ya kalenda ya miwa. Kiwanda cha sukari cha Ruembe husimama wakati wa mvua kubwa, na fedha za wakulima wa nje hupungua mwezi ule ule matope yanapoanza. Mwenye gari anaingia sokoni mfuko ukiwa mwepesi. Tangu General Tyre ya Arusha isimamishe uzalishaji mwaka 2009, anayetaka tairi jipya hutegemea sana bidhaa za nje, ambazo bei yake huyumba pamoja na dola. Mtumba unabaki kuwa kimbilio, na hakuna haki kumlaumu mwenye gari peke yake.

Lakini matairi ya Machi yanaweza kununuliwa Oktoba, wakati malipo ya miwa yanatembea na wenye maduka hawajapandisha bei. Asiye na fedha za manne anunue mawili na kuyafunga nyuma. Mafundi wengi hupenda kuanzia mbele, lakini watengenezaji hushauri nyuma, kwa kuwa mkia wa gari ukiteleza kwenye utelezi ni vigumu kuurudisha. Kwa safari za mashambani, wenye magari watatu au wanne wakiagiza kashata pamoja kutoka Dar es Salaam watagawana nauli ya mzigo.

Kwa upande wa wauzaji, kumwambia mteja kwamba STUDLESS ni tairi la matope ni kumuuzia bidhaa isiyo yake. Wapo watakaosema mteja ana macho. Mteja huyo ataona tairi limekuwa kipara kabla ya miezi mitatu, na duka la pili Kidodi haliko mbali.