Moto Uwakao na Kuzimika: Hoja Juu ya Kutafuta Hitilafu

Katika Marekani na Kanada watu wengi husafiri kwa gari lililo nyumba kamili: lina vitanda, jiko, bafu na, nyuma ya kijilango cha bati ubavuni, mtambo mdogo wa kupashia maji moto kwa gesi ya propani. Msomaji wa hapa atauliza mtambo huo unamhusu nini. Unamhusu kwa sababu, unapoharibika, hufichua jambo ambalo shule zetu huligusa kwa nadra sana, yaani namna ya kufikiri mbele ya chombo kilichokataa kufanya kazi.

Tangi la kawaida la mtambo huo huchukua galoni 6 za Marekani, yapata lita 23. Propani huchemka kwenye nyuzi -42 za Sentigredi. Ndiyo maana hutoka mtungini kama gesi hata usiku wa barafu, ilhali butani, ichemkayo karibu na nyuzi 0, ingebaki kimiminika. Mwako wa kilowati 3.5 huweza kuyapasha maji hayo kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 60 kwa dakika 20 na ushei, iwapo hakuna joto linalopotea. Mwanafunzi na akokotoe mwenyewe.

Chombo hiki hujuaje kwamba moto umewaka? Hapa ndipo penye uhondo. Mwali wa moto una ayoni, kwa hiyo hupitisha umeme. Mtambo hupeleka umeme geu kwenye kijiti cha chuma kilichomo ndani ya mwali. Na kwa kuwa kijiti ni chembamba na bomba la kuchomea ni pana, mkondo hupita kwa wepesi zaidi upande mmoja kuliko upande wa pili. Mkondo huo mdogo, wa maikroampea chache tu, ndio ushahidi wa moto. Ukikosekana kwa sekunde chache vali ya gesi hufungwa. Mtambo hujaribu tena, mara nyingi hadi mara tatu, kisha hujifunga.

Nilipokuwa masomoni huko, mimi na wenzangu tulichanga fedha tukanunua gari kuukuu la namna hiyo. Asubuhi moja ya baridi kali mtambo uliwaka, ukazimika, ukawaka tena, ukazimika. Tulikuwa watu watatu tunaosomea shahada ya uzamivu, na wawili kati yetu tulikuwa wanafizikia. Tulibadili betri. Haikufaa kitu. Tukanunua kibao kipya cha umeme kwa bei iliyotuumiza, nacho hakikufaa. Ndipo mwenzetu mmoja akashika kipande cha waya, akitaka kukiruka kikatizo cha joto, kile kinachozima mtambo maji yakikaribia nyuzi 82.

Shauri hilo lilikuwa la hatari, kwani kirekebisha joto kikikwama, maji huendelea kupata moto ndani ya tangi lililofungwa, na kinga pekee inayosalia ni vali ya kupunguza kanieneo. Lakini pia lilikuwa kosa la mantiki, na hilo ndilo linalonikera hadi leo. Kama kikatizo kingekuwa kimekata, gesi isingefunguliwa na mwali tusingeuona kamwe. Mwali wenyewe ulikuwa umekwisha kukitoa hatiani, ila hatukuwa tumeuuliza.

Tungeuliza kwa utaratibu, tungejua mapema. Jiko la gari liliwaka vizuri: basi gesi imo mtungini na kirekebisha kanieneo kinafanya kazi. Cheche zilisikika: basi umeme wa volti 12 unafika. Mwali ulitokea: basi vali imefunguka. Mwali ulikuwa wa buluu na ulikizunguka kijiti: basi bomba halikuzibwa na utando wa buibui, mdudu apendaye sana kukaa humo. Kilichobaki ni njia ya ule mkondo mdogo. Tulipofika hapo, tena kwa kuchoka tu, tulikuta skrubu ya waya wa ethi imeliwa na kutu. Msasa ulitosha.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa Kondoa au Kitui hana gari la namna hiyo. Ni kweli. Lakini ana tochi, redio, pampu ya kijiji, paneli ya jua juu ya paa la shule, na vyote hivi hufa kwa sababu zinazoweza kufuatwa hatua kwa hatua. Majaribio yetu ya vitendo humtaka apime kipindi cha pendulumu na kuchora grafu kwa vifaa vilivyo vizima. Mimi nashauri mwalimu akate waya mmoja ndani ya ganda lake, ampe mwanafunzi sakiti hiyo iliyokufa pamoja na voltimita, na maksi zitolewe kwa mpango wa maswali aliouandika kabla ya kugusa kitu. Atakayeotea waya uliokatika bila kueleza asipate kitu, hata akilalamika.

Zoezi hilo lifanywe kwa betri, si kwa gesi. Propani ina uzito wa molekuli 44, hewa 29 hivi. Ikivuja hushuka na kutuama sakafuni, nayo huweza kulipuka ikifikia asilimia 2 tu ya hewa. Anayeisikia harufu yake afunge mtungi ikiwa anaweza kuufikia salama, afungue milango, wala asiguse swichi yoyote, si ya kuwasha wala ya kuzima.