Hati ya Susu Si Mtaji Wako

Tuambiane ukweli, vijana wa Machakos. Kule Marekani kuna mkopo wa wazee: ukifika miaka 62, unakopa kwa dhamana ya nyumba yako, pesa unakula mwenyewe, na deni kwa kawaida hulipwa ukihama au ukifa. Hapa kwetu mambo ni kinyume. Susu wa Mutituni anaweka sahihi, pesa tunakula sisi, na deni linamkuta angali hai.

Kila mnada ukitangazwa tunalaani benki na madalali. Sawa, lakini hiyo hati ilitolewa sandukuni na nani? Ni sisi, na zile hadithi zetu za biashara itakayojilipa kwa miezi sita.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka ilani ya miezi mitatu, kisha nyingine ya siku 40, kabla nyumba haijauzwa. Susu akiletewa karatasi ya Kiingereza ataiweka chini ya godoro, akingoja uje umsomee. Nawe simu hushiki. Sheria hiyo hiyo inataka mume au mke aridhie nyumba ya ndoa ikiwekwa rehani. Mjane ataulizia nani? Amebaki na wewe tu.

Kama biashara yako ni moto kweli, weka dhamana pikipiki yako, au anzia kwenye chama. Ikianguka, utatafuta nyingine. Susu wa miaka 75 akifungiwa lango lake mwenyewe, ataanzia wapi?