Maji ya Kijani Hayatakaswi kwa Moto

Kwa miaka mingi wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria wamefundishwa kanuni moja ya afya: maji ya ziwa yachemshwe kabla ya kunywewa. Kanuni hiyo ni ya haki, nasi hatuipingi. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo hufa kwa moto, na mama anayeinjika sufuria kila jioni amewakinga wanawe na maradhi mengi. Lakini imezuka hatari nyingine ambayo moto hauiwezi, na inatusikitisha kwamba wengi wanaoyanywa maji hayo hawajaambiwa.

Tunakusudia ule utando wa kijani unaotanda juu ya Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, mfano wa rangi iliyomwagwa majini. Watu huuita mwani. Kwa hakika ni bakteria wadogo mno ambao, kama mimea, hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Si wote wenye madhara, wala jicho haliwezi kubainisha; ila baadhi yao hutoa sumu iitwayo maikrosistini, ambayo hudhuru ini. Sumu hiyo haiharibiki maji yachemkapo. Joto huwapasua bakteria, sumu iliyokuwa ndani yao ikatoka na kuchanganyika na maji. Na kadiri mvuke unavyoondoka, ndivyo sumu inayobaki sufuriani inavyozidi ukali.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, maji yenye sumu hiyo yalitumika katika kuwasafishia damu wagonjwa wa figo, na zaidi ya 50 wakafariki. Agosti 2014 jiji la Toledo, Marekani, linalopata maji yake kutoka Ziwa Erie, liliwakataza watu wapatao 400,000 kunywa maji ya bomba kwa siku kadhaa, na likawaonya waziwazi wasiyachemshe. Watu wa Toledo walinusurika kwa kuwa maji yao yalipimwa na habari ikatangazwa.

Je, kwetu hali ikoje? Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 1 katika lita moja kuwa mpaka wa sumu hiyo kwa maji yanayonywewa siku zote. Wachunguzi walioipima Ghuba ya Winam wamekuta maji yanayouvuka mpaka huo, na wameikuta sumu hata katika omena, yaani dagaa, ambaye huliwa mzima pamoja na matumbo yake. Habari hizo zimechapishwa katika majarida ya wataalamu. Mwanamke achotaye maji ufukoni Homa Bay hasomi majarida hayo.

Wako wanaosema kwamba hii ni kazi ya ongezeko la joto duniani, basi lawama ziwaendee wenye viwanda ng'ambo. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Wengi wa bakteria hawa hustawi maji yakizidi nyuzi 25 za Selsiasi, na joto hulifanya tabaka la juu la maji litulie bila kuchanganyika na la chini. Nao, wakiwa na vifuko vya hewa, huelea juu wakajitwalia jua. Lakini joto haliwalishi. Chakula chao ni fosforasi na naitrojeni, navyo vinatoka kwetu: maji taka ya miji, mbolea za mashamba, na udongo uletwao na mito kama Nyando na Sondu. Tena ghuba yenyewe ni ya kina kidogo, wastani wake haufiki mita 10, na imeungana na ziwa kuu kwa mlango mwembamba. Kinachoingia humo hakitoki upesi.

Mji wa Seattle, Marekani, uliyaondoa maji taka yake katika Ziwa Washington kati ya mwaka 1963 na 1968, na katika miaka michache ziwa likarudi kung'aa. Hawakungoja dunia ipoe.

Kusafisha mito kutachukua muda, na tunajua gharama zake. Kuwaambia watu hakuhitaji kungoja. Wasichote penye utando hata kidogo, wala wasiwanyweshe mifugo hapo. Wakinge mvua, na penye kisima salama wakitumie. Nazo mamlaka za maji na afya ziache kutangaza "chemsheni" peke yake. Vipo vipimo vidogo vinavyotoa jibu la sumu hii siku ileile. Tunataka maji yapimwe kila wiki, na matokeo yabandikwe kwenye magati, masoko ya samaki, zahanati na milango ya misikiti na makanisa, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, ili mama ayajue kabla hajatumbukiza ndoo yake.